Simu Shavuni

  Kama uko kijiweni unasubiri abiria wa jioni, sogeza redio karibu, maana leo ninaongea na wewe kwanza.

Simama Mabatini, hapa Mwanza, jioni hii uangalie pikipiki zinazotoka mjini. Hutasubiri sana, utamwona dereva mmoja. Kofia ngumu iko kichwani, mkanda wa kidevuni unapepea, na kati ya shavu na sponji ya kofia imechomekwa simu, kioo kinamulika mpaka puani. Mkono mmoja uko kwenye mafuta, mwingine unaisukuma simu isiteleze, na mdomo unasema kwa sauti ya kushindana na upepo: "Nimeshafika Nyakato, mama, toka nje!" Hajafika hata Buzuruga.

Huo nao ni mfumo wa mawasiliano wa kofia. Umebuniwa na wenye kazi wenyewe, haugharimu hata senti, na kama shida ni kupitisha sauti tu, unaipitisha. Sitaki kuanza na kumcheka dereva yule, wala kumtolea mahubiri. Wanaosema "dereva asipokee simu akiwa barabarani" wanasema kweli, ila mara nyingi wanasema wakiwa wamekaa ofisini, ambako simu isipopokelewa itapigwa tena kesho. Bodaboda simu yake isipopokelewa, mteja anampigia mwingine kabla ya mlio wa tano. Dada wa Pasiansi anayepelekwa kazini kila asubuhi, mama wa Mwaloni anayetuma ndoo ya samaki kwenda Igogo, fundi anayeagiza kifaa dukani: wote hao ni namba ndani ya simu. Pikipiki yenyewe pengine ni ya mkataba, na jioni kuna hesabu ya bosi. Simu ni ofisi, na ofisi hiyo inaita wakati mwenyewe yuko kwenye mzunguko.

Kwa hiyo leo tuzungumze vyombo. Vipo vyombo vilivyotengenezwa makusudi kwa kazi hii, vingine vya bei ya kutisha, vingine vya bei ya kawaida, na mjini hapa vimeanza kuonekana. Nina mengi ya kuvisifu, na nina kitu kimoja cha kuvilaumu, ambacho nitakifikia.

Lakini ngoja kwanza tuimalize ile simu ya shavuni. Ubaya wake wa kwanza ni wa kiufundi kabisa. Kofia ngumu inakulinda kwa kukubana. Ndani ya lile ganda la nje kuna tabaka la povu gumu jeupe, lile linalofanana na la kwenye maboksi ya televisheni, na kazi yake ni kupondeka lenyewe ili kichwa kisipondeke. Halafu ndani zaidi kuna sponji laini ya kushika mashavu. Ukichomeka simu, kofia inasogea upande mmoja, inalegea, na ukianguka inaweza kuvuka kichwa ikakuacha. Na hata isipovuka, umeweka bamba la kioo na chuma baina ya mfupa wa shavu na kitu kilichotengenezwa kiwe laini. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi za dunia, uliotolewa mwaka 2008, ulikadiria kwamba kofia inapunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hizo ni za kofia iliyo kichwani na iliyofungwa. Ile inayopepea mkanda Mabatini haimo humo.

Ubaya wa pili ni kwamba simu inateleza. Inateleza siku zote pale pale pabaya, kwenye tuta, na mkono unatoka kwenye usukani kuidaka.

Basi dereva wetu amechoka na simu ya shavuni, anataka chombo. Anunue nini?

Namshauri aanze na kofia yenyewe, kabla hajauliza bei ya kitu kingine chochote. Niliwahi kuona kijana amefunga spika mpya kabisa ndani ya kofia ambayo kifungo chake cha kidevuni kilikatika zamani, amekifunga kwa kamba ya kiatu. Hapo fedha imekwenda mahali pasipo pake. Kofia ikaze mashavu hadi ukitikisa kichwa ngozi ya uso isogee nayo. Kifungo kibane kwa mlio. Nyuma au kwenye mkanda tafuta alama ya ubora. Kofia zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 zina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyozipitisha. Alama nayo inaghushiwa, najua, kwa hiyo minya lile povu la ndani kwa kidole gumba: kama ni sponji laini tupu mpaka kwenye ganda, hiyo ni kofia ya kumridhisha trafiki tu, haitakusaidia kitu kwenye lami.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye chombo. Viko vya aina tatu, na vinachanganywa sana madukani.

Aina ya kwanza ni spika mbili bapa na maiki, vimeunganishwa na kisanduku kidogo chenye betri na blututhi. Kinaongea na simu yako tu. Unapokea, unakata, unasikia ramani ikikuelekeza. Ndicho cha bei nafuu, kinatoka China kwa majina ya kila namna, na kwa mtu wa bodaboda mjini Mwanza naona kinatosha kabisa.

Aina ya pili ni kile kinachoongea na simu na pia kinaongea na kofia nyingine moja kwa moja, bila laini, bila vocha, bila minara. Watu wanakiita intakomu. Vya bei ya kati vinaunganisha madereva wawili au watatu kwa mnyororo: wa kwanza anashikana na wa pili, wa pili na wa tatu. Wa katikati akibaki nyuma kununua karanga Kisesa, mnyororo umekatika, na wa mwisho hamsikii wa mbele.

Aina ya tatu iliondoa tatizo hilo. Kampuni ya Cardo ya Israeli ilitoa mwaka 2015 chombo ambacho kila kofia inashikana na zote zilizo karibu kwa wakati mmoja, na Sena ya Korea Kusini ikafuata na cha kwake. Fikiria wavu wa dagaa: uzi mmoja ukikatika, mzigo unashikwa na nyuzi nyingine. Vyombo hivi vinaweza kubeba watu kumi na tano na hata zaidi katika mazungumzo mamoja. Utaviona kwenye kofia za wale wasafiri wa pikipiki kubwa wanaoingia kutoka Kenya kwa mpaka wa Sirari, wanapita Musoma na Bunda, wanalala Capri Point, kesho wanaelekea Geita. Bei yake? Seti moja ya juu ni shilingi milioni moja na ushee ukiweka usafiri na ushuru. Ndugu yangu, hiyo ni karibu theluthi ya pikipiki mpya. Kama kazi yako ni kutoka Kirumba kwenda Soko Kuu, usijisumbue.

Yako pia mambo ya redio koli, kwamba unaunganisha kofia na redio ya mkononi. Yanawezekana, ila redio koli ni jambo la masafa na vibali vya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, tofauti na blututhi ambayo inatumia masafa yaliyo wazi kwa wote. Usinunue redio mbili za sokoni ukaanza kutangaza hewani ukidhani ni toi.

Sasa, kwenye boksi la kila chombo kumeandikwa umbali. Mita mia tano. Kilomita moja. Kilomita mbili. Maandishi hayo yalipimwa mahali tambarare pasipo na kitu, na Mwanza si mahali hapo. Mawimbi ya masafa haya yanakwenda kama macho: penye mwanga wa kuonana yanafika, penye kizuizi yanakwama. Na sisi mji wetu umejengwa juu ya mawe. Mmoja akikata kona nyuma ya mlima wa Bugando, na mwenzake akiwa upande wa Igogo, hata kama kwa ndege ni hatua chache, granite ile hairuhusu sauti. Miili ya watu nayo inakula mawimbi hayo kwa sababu ya maji yaliyomo mwilini. Abiria mnene nyuma yako anakupunguzia masafa, bila kosa lake.

Kama unataka kusikia chombo kikifanya kazi kama boksi lilivyoahidi, nenda Daraja la J. P. Magufuli. Toka Buhongwa, shika Usagara, kata kulia kwenda Kigongo, na hapo mbele yako kuna kilomita tatu za moja kwa moja juu ya Ghuba ya Mwanza mpaka Busisi, bila jiwe, bila nyumba. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alizindue tarehe 19 Juni 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Wawili wenye intakomu wanaweza kuachana mbali sana pale na bado wanasikizana. Lakini pale pale utakutana na adui mwingine, upepo wa ziwa unaokuja kwa ubavu, na maiki iliyofungwa vibaya itampelekea mwenzako kishindo kitupu. Ndiyo maana kufunga ni nusu ya kazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vyombo vingi vinavyosemwa vibovu havina ubovu wowote. Vimefungwa vibovu.

Weka kofia mezani, mdomo wake ukikutazama. Vua sponji za mashavu. Nyingi zinashikwa na vibanio vya plastiki, zinatoka kwa kuvutwa taratibu kutoka pembeni. Nyuma yake, usawa wa sikio, kofia nyingi za siku hizi zina shimo la duara. Hapo ndipo spika inakaa. Kama shimo halipo, usichukue kisu. Nasema tena kwa sababu nimeona mafundi wakifanya: usichonge lile povu jeupe ili spika ienee. Kila gramu unayochonga ni kichwa chako unakipunguzia kinga, na mahali pa sikio ndipo mfupa ulipo mwembamba. Wala usitoboe ganda kwa drili kupitisha waya. Waya unapita chini ya kitambaa, pembezoni.

Spika lazima ikae juu ya tundu la sikio lenyewe. Sio nyuma yake, sio chini yake. Ikisogea upana wa kidole kimoja tu, sauti inapungua sana, unaongeza volyumu mpaka mwisho, inakwaruza, unasema Wachina wamekuibia. Njia nyepesi ya kupapata ni hii: vaa kofia bila spika, ingiza kidole kwa chini mpaka kiguse tundu la sikio, kibonyeze pale pale kwenye kitambaa, vua kofia huku kidole hakijatoka. Weka alama ya chaki. Bandika gundi ya kunata hapo.

Maiki inategemea kofia. Ukiwa na kofia iliyofunika uso wote, tumia ile maiki ndogo ya waya, uibandike ndani ya kidevu cha kofia, mbele ya mdomo. Ukiwa na kofia ya wazi, tumia ile yenye kijiti kinachopinda, uilete mpaka karibu iguse pembe ya mdomo. Karibu kabisa, watu wanaogopa kuila, ndiyo maana upepo unasikika kuliko wao. Maiki nyingi zina upande wa kusikia, wenye kialama kidogo, na kialama hicho kitazame midomo. Ile sponji ndogo nyeusi ya kuvika maiki isipotee. Ikipotea, mazungumzo ya zaidi ya kilomita arobaini kwa saa yamekwisha.

Kisanduku chenye betri na vitufe kinakaa nje, upande wa kushoto. Sababu ni mkono wa kulia, ambao kazi yake ni mafuta na breki ya mbele, na hauruhusiwi kuondoka. Mkono wa kushoto una klachi, kwa hiyo nao una kazi, lakini kati ya gia na gia unaweza kuinuka mara moja. Kabla ya kwenda popote, keti juu ya pikipiki iliyozimwa, fumba macho, na ujifunze vitufe kwa kugusa, ukiwa umevaa glavu kama huwa unavaa. Kipi kinapokea, kipi kinakata, kipi kinapunguza sauti. Kama huwezi kukipata cha kukata ukiwa umefumba macho, chombo hicho si chako. Rudisha, tafuta chenye kitufe kikubwa kinachosimama peke yake.

Kuunganisha na simu hakuna ugumu. Unabonyeza na kushikilia mpaka taa nyekundu na ya bluu zipokezane, unawasha blututhi ya simu, jina linajitokeza, unaligusa. Ukitaka kuunganisha kofia mbili za intakomu, nunua mbili za kampuni moja. Wauzaji watakuambia zinaongea na za kila kampuni. Zinaongea, ndiyo, kwa kujifanya ni simu, na kwa kufanya hivyo simu yako halisi mara nyingi inakosa nafasi.

Halafu jaribu. Mwombe mwenzako akupigie ukiwa unakwenda taratibu barabara ya uwanja wa ndege, halafu ukiwa na kasi ya arobaini, halafu sitini. Yeye ndiye hakimu wa maiki, wewe ni hakimu wa spika. Akisema anasikia mvua, na hakuna mvua, isogeze maiki.

Nimesema spika mbili zinakuja kwenye boksi. Fungeni moja. Na moja hiyo ifungeni kushoto.

Najua kuna wapenda muziki wamekasirika sasa hivi, lakini fuatana nami. Tanzania tunaendesha kushoto. Basi la Musoma likitaka kukupita, linakuja kutoka nyuma yako kwa upande wa kulia. Daladala ikitaka kukubana ikashushe abiria, inatokea kulia ndiyo inakata mbele yako. Jambo kubwa la hatari nyuma ya bodaboda linatangulia kufika kwenye sikio la kulia, na macho hayalioni. Sikio hilo liacheni bila spika, lisikilize injini, honi na matairi. La kushoto, upande wa ukingo wa barabara, ndilo lipewe simu. Hilo halimo kwenye kijitabu cha maelekezo, kwa sababu kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya watu wa barabara pana wanaotaka kusikia magitaa pande zote mbili.

Na sauti isizidi. Kwenye barabara kuu, upepo peke yake ndani ya kofia unavuka desibeli 90, kiwango ambacho viwandani mfanyakazi angepewa kinga ya masikio. Ukiweka muziki wa kuushinda upepo huo, kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, utakuja kuambiwa na mkeo kwamba hujibu ukiitwa, na hutakuwa unajifanya.

Sasa lile la kulaumu.

Chombo kinaiondoa simu shavuni na kuurudisha mkono kwenye usukani. Hayo ni mafanikio makubwa na siyapunguzi. Lakini wauzaji wanasema kitu cha zaidi, kwamba ukishakuwa na chombo, kuongea barabarani ni salama. Hapo nakataa. Mwaka 1997, watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali, wakafuatilia rekodi za simu zao. Waliona kwamba wakati wa maongezi ya simu, uwezekano wa kugonga ulikuwa kama mara nne. Na waliotumia simu bila kushika kwa mkono hawakuonyesha kuwa na nafuu. Miaka minne baadaye Strayer na Johnston, wa Chuo Kikuu cha Utah, waliwaweka watu kwenye majaribio ya kuiga uendeshaji, na waliokuwa kwenye maongezi walizikosa ishara nyingi zaidi na kuchelewa kuitikia, simu iwe mkononi au isiwe. Tafiti hizo zote zilihusu uendeshaji wa gari, lenye matairi manne na bati pande zote. Wewe una matairi mawili na jaketi.

Tatizo liko kwenye akili inayoongea. Mteja anakuuliza, "Mbona uliniambia dakika tano?" nawe unaanza kutunga jibu, na wakati unatunga, macho yanatazama barabara lakini hayaioni. Abiria aliye nyuma yako anaona lori na ananyamaza. Aliye kwenye simu haoni lori. Anaendelea kukugombeza mpaka katikati ya mzunguko.

Kwa hiyo chombo kifungwe kwa ajili ya maneno mafupi. Vyombo vingi vya China vina tabia ya kupokea vyenyewe baada ya milio kadhaa. Ndani ya mji izimeni tabia hiyo. Inaonekana ni msaada, kumbe inamruhusu mtu yeyote aingie kichwani mwako wakati wowote, hata ukiwa unateremka Bwiru na mvua inanyesha. Simu iite. Ukiwa mahali pazuri, bonyeza, sema "Dada, niko barabarani, nakupigia," kata, egesha, mpigie. Wateja wa kudumu wanazoea. Mteja wa kudumu anataka kujua kama unakuja. Hajali sana sauti yako. Wale wa kupiga na kuhoji kwa robo saa mara nyingi hata nauli wanaomba punguzo.

Ramani ya simu inayosema "pinda kushoto" ni jambo jingine. Hiyo haitaki jibu, haikasiriki, na inasema kisha inanyamaza. Kwa vijana wanaopeleka vifurushi na vyakula mitaa wasiyoijua, sauti ya ramani kwenye sikio la kushoto ni bora mara kumi kuliko simu iliyofungwa kwenye usukani inayotazamwa kila kona. Hapo chombo kinastahili fedha yake yote.

Na abiria? Tumemsahau, na yeye ndiye anayeongea na dereva kuliko simu. "Kata hapo! Hapana, pale kwenye mwembe! Nishushe!" Dereva anageuza shingo nyuma kusikiliza, na shingo ikigeuka usukani nao unaifuata. Kuwafungia abiria intakomu ni ndoto. Wengi hata kofia yenyewe hawaitaki, na ukiwauliza sababu wanakuambia kuhusu jasho la aliyetangulia na nywele zilizosukwa juzi. Wana hoja. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani ya kofia, kinachofuliwa, kingeondoa nusu ya ubishi huo.

Ila kwa mawasiliano na abiria upo mfumo wa bure kabisa, na ninaupendekeza kuliko chombo chochote nilichokitaja leo. Kabla ya kuondoa mguu chini, dereva aseme: "Mama, ukitaka tukate kushoto nigonge bega la kushoto. Kulia, bega la kulia. Ukitaka kushuka, gonga mara mbili." Sekunde chache tu. Shingo inabaki mbele mpaka mwisho wa safari.

Mambo madogo ya matunzo nayataja mbio. Mvua za Machi mpaka Mei zitakipima kisanduku chako. Tafuta chenye alama ya IP67, au angalau hakikisha kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kinafunga. Usiiache kofia nyeusi imening'inizwa kwenye kioo cha pikipiki juani saa saba mchana, betri za lithiamu hazipendi joto na zitakufa mapema. Na ukishuka kunywa chai, chomoa kisanduku, tia mfukoni. Kimetengenezwa kichomoke kwa kidole kimoja, na vidole Makoroboi ni vingi.

Jambo la mwisho ni la viongozi wa vijiwe. Kama tatizo ni kwamba simu ya mteja inamkuta dereva barabarani, mbona simu isimkute aliyesimama? Kila kijiwe kina watu wanaosubiri zamu. Simu moja ya kijiwe, namba moja iliyobandikwa ukutani kwa mwenye duka la dawa na kwa mama lishe na kwenye geti la shule, ikashikwa na yule aliye zamu ya kukaa. Mteja akipiga anapokelewa na mtu aliyekalia benchi, mwenye akili yote, naye anamwita anayefuata foleni. Mwenye wateja wake binafsi atasema wataibiwa. Basi iandikwe daftari: mteja wa fulani aende kwa fulani, na fulani akiwa hayupo, atakayemchukua anamwachia mwenye mteja kidogo kwenye nauli. Simu ya vitufe inatosha, na vocha mtachanga.